Vikopo vya Mpishi

Kitendawili. Sema tega, usinitazame tu. Naingia karamuni wa kwanza, natoka wa mwisho, na njaa yangu ninayo.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, huo ulionipa nimeupokea. Nimefika, nimekaa, nimelala, mji mzuri, una majumba marefu na watu wenye haraka. Jibu ni kijiko. Na kwa kuwa mji umeshanipa, sitauacha mtupu. Nitamweka ndani yake mwanamke mmoja mwenye kijiko, tuone yeye na mji huo watapatana vipi.

Mwanamke huyo watu walimwita Mpishi, na hakuhitaji jina lingine. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika jiko la shule ya bweni, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kujificha humo akitafutwa. Kazi ile ilimwachia mikono yenye nguvu, mwili wa kutosha, na tabia mbili. Ya kwanza, hakuonja chakula kwa kijiko cha mtu; alikuwa na chake kifupi, kilicholika upande mmoja, na alikifunga kwenye kitambaa kama wengine wanavyofunga miwani. Ya pili, kila alipopakua alichota kidogo akatia kwenye kikopo chenye mfuniko, akakihifadhi mpaka kesho yake. Shuleni ndivyo walivyofundishwa. Mtoto akiumwa tumbo, kikopo ndicho shahidi. Watoto wake hawakuumwa, lakini mkono ukishazoea jambo hauulizi sababu.

Kisha shule ikafungwa. Mumewe, Seremala, akapata kazi kwenye karakana ya samani katika huo mji wako, wakahama. Mama yake Seremala, Bibi, walikuwa wakiishi naye siku zote, wakamchukua pia, maana mzee haachwi kwa jirani kama jembe. Walipata chumba kimoja ghorofa ya tatu. Seremala akatundika pazia katikati: upande wa dirisha kitanda cha Bibi, upande wa mlango chao wawili. Jiko waliliweka kwenye ujia. Maji, bafu na mengineyo vilikuwa chini uani, vya jengo zima, na asubuhi watu walipanga foleni kila mmoja na ndoo yake na usingizi wake.

Tangu walipoingia chumba hicho, Bibi hakula.

Si kwamba alikataa. Angekataa, Mpishi angejua pa kushika. Bibi alinawa, akashukuru, akasifu harufu, akamega tonge mbili, akazitafuna polepole, halafu akaisukuma sahani kwa kidole kimoja. "Nimeshiba, mwanangu." Chai nayo ikawa hivyo hivyo: analowesha midomo, anakirudisha kikombe kimejaa.

Mpishi akapunguza chumvi, akaongeza chumvi. Akaponda maharage, akachambua samaki mwiba kwa mwiba, akapika uji mwepesi wa kunyweka bila meno. Tonge mbili. Akabadilisha mchele, akabadilisha mafuta, akabadilisha hata sufuria. Tonge mbili. Mifupa ya mabega ya Bibi ikaanza kuonekana chini ya nguo kama henga la kutundikia koti.

Siku moja akaketi mbele yake na kumuuliza wazi. "Mama, naomba uniambie ukweli. Kwa nini huli?"

Bibi alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa jengo la pili. "Kwani sili? Si umeniona nikila."

"Tonge mbili, mama."

"Tonge ni tonge, mwanangu." Na hapo hapo akaanza kusifu kitambaa alichojifunga Mpishi kichwani, kwamba rangi yake inampendeza usoni. Swali likabaki pale kati ya sahani na pazia, bila wa kulichukua.

Hawa wawili walizoeana kama mchi na kinu. Kama kungekuwa na ugomvi, Mpishi angesema ni ugomvi. Kinachochanganya ni kwamba hapakuwa na neno. Na aibu nayo haikumwacha. Fundi viatu akitembea peku watu humcheka, basi yamekwisha. Lakini mpishi ambaye chakula chake hakiliki nyumbani kwake mwenyewe, watu hawamcheki. Wanaanza kutazama mikono yake.

*

Wakampeleka Bibi zahanati, Seremala akimshusha ngazi mgongoni. Nesi, msichana mpole aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alimpima damu, akampima sukari, akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Akampandisha kwenye mizani, akaigonga mizani kwa kidole akidhani imekwama, akampandisha tena. Mwisho akasema hakuona ugonjwa wowote. Alichokiona ni mtu asiyekula wala kunywa.

"Bibi, unakula?" aliuliza.

"Nakula, mjukuu wangu. Napikiwa vizuri sana."

Nesi akamgeukia Mpishi. Akamtazama kuanzia kichwani, akateremka taratibu, kwenye mikono ile minene, kwenye kiuno kile, mpaka miguuni, kisha akarudi juu. "Na wewe ndiye unayempikia?"

Mpishi alitamani aukunje mwili wake kama shuka autie kwenye mkoba. Akajibu ndiyo. Nesi alieleza kwamba wamrudishe wiki inayofuata, na kama atakuwa amepungua tena itabidi alazwe, alishwe kwa mpira wa puani. Kwa umri wake, alisema akishusha sauti, wengine wakilazwa kwa sababu hiyo hawatoki.

Jioni ile Seremala akampigia simu dada yake mkubwa, maana jambo la mama halifichwi. Huyo dada, wifi yake Mpishi, alikaa mji mwingine, katika nyumba yenye vyumba vingi na watu wachache, wote wanatoka asubuhi na kurudi jioni. Seremala alikwenda kuzungumza kwenye ujia. Aliporudi alisema dada anamsalimu na kwamba atakuja Jumamosi kumchukua mama. Mengine aliyameza. Hakujua kwamba simu yake haikuwa na siri, na kwamba mkewe, akiwa ndani anasugua sufuria, alikwisha kusikia yote ya wifi: kwamba amelisha watoto wa watu shule nzima wakanenepa, halafu anashindwa na kibibi kimoja kisicho na meno, na kwamba kama mtu kachoka kukaa na mkwe, aseme, asimuue kimyakimya.

Nyuma ya pazia Bibi alikohoa kidogo. Naye hakuwa kiziwi.

*

Mpishi hakulia. Aliwaza kama mpishi. Chakula ni kile kile, mkono ni ule ule, mlaji ni yule yule. Kilichobadilika ni mji. Maji ya hapa yana chumvi yake, unga wa hapa una kinu chake, hata vitunguu vya hapa vinaliza kwa namna nyingine. Kila mji una ulimi wake. Labda Bibi ulimi wake umekwisha kuhamia, umekuwa wa hapa, na mwenyewe hajui kusema anachotaka. Basi dawa ni moja: kwenda kujua watu wa hapa wanakula nini na wanakipika vipi, kabla ya Jumamosi.

Asubuhi iliyofuata alichukua kikapu, akapanga ndani yake vile vikopo vyake vya shule, akakifunga kijiko kwenye kitambaa, akashuka ngazi.

Nyuma ya stendi palikuwa na mtaa wa vibanda vya chakula, umepangana pande mbili za mtaro. Hapa supu, hapa viazi vya kukaanga, hapa wali na maharage, kule samaki. Mpishi aliingia humo kama mtu aliyerudi kazini. Kwanza hakukaa. Alisimama, akatazama chini ya meza ndoo ya kuoshea vyombo. Akauliza maji yanatoka bomba gani. Akafunua mfuniko wa sufuria bila kuomba, akainamisha pua, akafumba macho. Akafungua kitambaa, akatoa kijiko chake mwenyewe, akaonja, akatafuna akiangalia mbali. Halafu akauliza nyama hii imekaa motoni tangu lini. Halafu, na hili ndilo lililowamaliza watu, akatoa kikopo, akachota kidogo, akafunika, akapangusa mfuniko, akakitia kikapuni.

Sasa wewe ungemdhania nani?

Watu wa mtaa ule hawakuhitaji kudhani. Mwaka uliopita watu wa afya walikuja wamevaa makoti meupe, wakaonekana tangu mbali, na hata hivyo waliwahi kuimwaga supu nzima ya Mama Supu kwenye mtaro. Tangu hapo zilivuma habari kwamba safari nyingine atatumwa mtu wa kawaida, asiye na koti, anayekula kama mteja, na kwamba atachukua vipimo apeleke maabara. Na huyu hapa. Mama mtu mzima, mnene, msafi, mpole wa kutisha.

Mama Supu, mwenye kibanda cha kwanza, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusikika mpaka stendi. Siku hiyo aliongea kama yuko msibani. Akapangusa meza ambayo alishaipangusa. Mpishi alipotoa pesa, akarudisha mkono nyuma kama aliyeonyeshwa moto. "Ah, mama, pesa ya nini? Karibu tena." Midomo ilicheka, macho hayakuwepo. Jirani yake, Muuza Viazi, mtu wa makamo aliyejulikana kwa maneno mengi, alinyanyua karai lake la mafuta meusi, mafuta ambayo kwa ukongwe yalistahili kuamkiwa shikamoo, akayamwaga yote mtaroni mbele ya macho ya Mpishi, akafungua dumu jipya. Akamchagulia viazi vikubwa. Akamwekea na yai.

Mpishi alirudi nyumbani ameshiba na amechanganyikiwa.

"Watu wa hapa ni wakarimu ajabu," alimwambia mumewe. "Hawataki hata senti."

"Basi umeshapata marafiki," alisema Seremala, akijitoa takataka za mbao nyusini.

"Ndilo nisilolielewa. Nikikaa kwenye benchi, wengine wanakumbuka safari. Benchi zima linabaki langu."

Seremala alifikiri, akasema labda ndiyo heshima ya hapa, kumwachia mgeni nafasi. Mpishi akasema labda. Heshima ya namna ile ilimfanya ajisikie kama jeneza.

Bibi alivifurahia vikopo. Hilo nalo lilichanganya. Alivifungua kimoja kimoja, akachovya ncha ya kidole, akalamba, akatikisa kichwa kwa raha. Hiki kapika nani? Mpishi akamsimulia sauti ya msibani ya Mama Supu, na karai la Muuza Viazi, na yai. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akavifunika vyote, kimoja kimoja, akavisukuma kwa kidole.

"Nimeshiba, mwanangu. Kesho unatoka tena?"

"Nitatoka mapema zaidi, mama. Na nitachelewa kurudi. Mpaka nikipate hicho utakachokula."

Bibi alimshika mkono, akauachia. Akasema haya, Mungu akutangulie.

Na kweli Mpishi akatoka mapema zaidi, kesho yake na siku zilizofuata. Akapita mitaa mingine, masokoni, kwenye karakana ambako wanawake hupikia mafundi. Kila alikopita habari zilikuwa zimemtangulia. Alikuta meza zinameta, wapishi wamejifunga vitambaa vyeupe vyenye mikunjo ya dukani. Mahali pamoja walimpa kiti chenye mikono. Alionja mkate, alionja supu, alionja maharage ya aina ambayo hakuwahi kuyaona, mazuri kweli, akatamani kumuuliza mwenyewe ameyalowesha usiku au ameyapika makavu. Alipouliza, mwenyewe akaapa kwa mama yake kwamba maji yalikuwa ya bomba.

Bibi, huko juu, alishinda na dirisha lake.

*

Ijumaa Mpishi alirudi kwa Mama Supu. Alichagua supu ile kwa kuwa kati ya vikopo vyote, hicho Bibi alikilamba mara mbili. Alitaka afundishwe. Alikuwa tayari kuosha vyombo, kumenya vitunguu, lolote.

Akakaa. Benchi likawa lake. Mama Supu akamimina bakuli, akaliweka mbele yake, na safari hii hakuondoka. Hofu nayo humchosha mtu. Alisimama mikono kiunoni.

"Mama," alisema, "mimi nina watoto. Huyu mwenzangu wa viazi ana wazee wawili nyuma yake. Sisi hapa hatumdhuru mtu. Nakuuliza kwa heshima, nani kakutuma kwetu?"

Mpishi alishusha kijiko. Alikuwa na la kusema. Alikuja nalo tangu nyumbani, amelipanga. Lakini alipotaka kulitoa likagoma. Hebu fikiri. Mbele ya mwanamke mwenzake wa jikoni, aseme mimi ni mpishi na mkwe wangu hali chakula changu? Aseme nesi kanitazama mwili, wifi ananiita muuaji?

"Siwezi kukuambia, mwenzangu," alisema, akiangalia bakuli. "Siyo jambo la kusema barabarani. Ila kesho Jumamosi kila kitu kitajulikana."

Akachota supu yake kwenye kikopo, akafunika, akapangusa mfuniko, akaondoka. Nyuma yake Muuza Viazi alikaa chini kwenye dumu.

Kilichofuata ni kikao, pale pale mtaroni. Walioogopa walisema wafunge vibanda kesho. Waliozoea shida walisema mkaguzi akitaka kufunga, atafunga hata vilivyofungwa. Muuza Viazi, aliyekuwa amemfuata mama yule siku moja kwa mbali mpaka kwake, alitoa ushahidi wa kushangaza: kwamba anaishi jengo la nyufa, ghorofa ya tatu, na kwamba amemwona kwa macho yake akipanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Mkaguzi gani wa serikali anabeba ndoo? Mmoja akajibu kwamba hiyo ndiyo hatari yenyewe, hao wa kujificha ndio huwa wakubwa zaidi. Basi ikaamuliwa aendewe kwake, kabla hajapeleka vikopo maabara. Apelekewe kuku. Mama Supu aseme, kwa kuwa ana sauti. Muuza Viazi amshike kuku, kwa kuwa hana la kupoteza.

*

Wifi alifika Jumamosi asubuhi. Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa na kuilaani. Alipomwona mama yake kitandani, mabega yale, alisimama mlangoni, na uso wake, ambao Mpishi alikuwa ameuogopa wiki nzima, ukavunjika kama wa mtoto. Halafu ukajiunga tena ukawa mkali kuliko mwanzo.

Hakumsalimu Mpishi. Alianza kukusanya nguo za Bibi. Alizungumza na nguo. Alisema kuna watu wanajua kupika kwa mshahara tu. Alisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, na mama yake kazaa dume ambaye hana macho. Seremala alikaa kwenye kona akichuna kucha zake. Bibi alisema, polepole, kwamba yeye hajasema anataka kwenda. Wifi akamwambia, mama, hujala, huna nguvu ya kutaka.

Hapo mlango ukabishwa hodi, na kuku akalia.

Mama Supu aliingia na shuka safi mabegani, Muuza Viazi nyuma yake na kuku kwapani. Walipoona chumba kimejaa walisita. Wifi akawatazama, akamtazama kuku, akaelewa kwa njia yake. "Mnaona?" alimwambia kaka yake. "Mpaka watu baki wanamletea mama chakula."

"Samahani, mama," alisema Mama Supu. "Sisi tumemfuata mheshimiwa mkaguzi. Tunaomba tu atusikilize kabla vipimo havijaenda."

"Mkaguzi gani?" aliuliza Seremala.

Mama Supu akamwonyesha mkewe.

Mpishi alimtazama Mama Supu, akatazama kuku, halafu macho yake yakaenda kwenye kikapu cha vikopo pembeni ya mlango, yakakaa hapo. Ukarimu wote wa wiki nzima ukapita mbele yake, kitambaa baada ya kitambaa, yai baada ya yai, benchi baada ya benchi, na kila kimoja kikageuka kikaonyesha upande wa pili. Aliona joto limempanda masikioni. Mbele ya wifi yake, mahali pabaya kuliko pote duniani, ilibidi aseme.

"Mimi si mkaguzi," alisema. "Mimi ni mpishi. Mama mkwe wangu huyu hali chakula changu. Nilikuwa namtafutia chenu. Nimeshindwa, na leo anachukuliwa."

Muuza Viazi alifungua mdomo. "Na yale mafuta niliyomwaga?" alisema. "Wiki nzima nakaangia mafuta mapya. Wateja wamezoea sasa, wanauliza nimepata uchawi gani."

Seremala ndiye aliyeanza, akicheka puani, akijizuia. Kisha Bibi kitandani, akishika ubavu. Hata wifi aligeuka akatazama ukuta, mabega yanamtikisika, akiwa na gauni la mama yake mkononi. Mpishi peke yake hakucheka. Mama Supu naye aliacha mapema. Alikuwa anamtazama Bibi.

Alikwenda akakaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu, kama watu wanaofahamiana. Akamshika mkono, akabana ngozi ya juu yake. Ngozi ikabaki imesimama. Akatazama midomo iliyopasuka. Akatazama kikombe cha chai ya asubuhi, kilichojaa mpaka ukingoni.

"Bibi, kumbe na maji hunywi," alisema. Sauti ile ya kusikika stendi ilikuwa imeshuka kabisa. "Mimi nauza supu tangu alfajiri mpaka jua lichwe. Unajua nakunywa nini mchana? Sinywi kitu. Sili. Nakoroga mwenzangu anywe. Watu wanadhani nafunga. Si kufunga; pale mtaroni mwanamke hana pa kwenda."

Bibi aliacha kucheka. Aliurudisha mkono wake taratibu chini ya shuka.

Mama Supu akainua kichwa akawaambia wanaume, hebu tokeni, mwende na kuku wenu. Muuza Viazi akatoka. Seremala akauliza kwani kuna nini, huyu ni mama yake, ana haki ya kusikia. Mama Supu akamwambia ndiyo maana atoke. Akatoka. Walisikika wakishuka, mpaka uani, na kuku akilalamika njia nzima.

Walibaki wanawake wanne. Wifi aliketi juu ya mkoba aliokuwa akiupanga. Mpishi akapiga magoti sakafuni, uso wake ukalingana na wa Bibi. Alikuwa amechoka sana, na swali alilokuwa nalo halikuwa jipya.

"Mama, kwa nini huli?"

Bibi aliangalia pazia. Alikuwa anasikiliza kama kuna mtu nyuma yake.

"Ngazi, mwanangu," alisema. "Wiki ile ya kwanza nilishuka peke yangu, nikafika katikati, miguu ikagoma. Sikufika chini, na sikuweza kurudi. Nguo yangu ikalowa pale pale, watu wanapita na ndoo zao, wananiamkia. Mwisho nikajikokota juu, nikaifua kwa maji ya ndoo kabla hujarudi sokoni. Ukaniletea beseni la usiku, nakumbuka, ukaliweka hapa chini ya kitanda. Lakini hilo pazia ni kitambaa. Mwanangu wa kumzaa yuko nyuma yake, anageuka kitandani namsikia. Na yeye si atanisikia? Na mchana nikilitumia, si wewe mkwe wangu utakayelishusha mbele ya watu? Nikasema basi, kisichoingia hakitoki. Tonge mbili zinakaa, hazisumbui. Nilitaka kukuambia ubaki mchana unishike mkono, na wewe kila siku unatoka mapema zaidi, kwa ajili yangu, nitakuzuia vipi? Usiseme chakula chako kibaya. Usiseme hivyo tena mbele ya watu. Kingekuwa kibaya, mwanangu, nisingeteseka hivi."